Maneno Hamsini ya Mzee Akbarali

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, Sajini Odeta Masalu alimkuta mtuhumiwa wake mahabusu akiwafundisha wezi wawili wa baiskeli neno la Kiingereza ambalo sajini mwenyewe hakuwahi kulisikia tangu azaliwe.

"Ni kumtupa mtu nje kupitia dirishani," mtuhumiwa alikuwa akieleza. "Neno moja tu, kazi yote hiyo."

"Na akitupwa kupitia mlangoni?" mwizi mmoja akauliza.

"Hapo halipo neno. Hapo ametupwa tu."

Sajini Odeta aligonga nondo kwa funguo. "Nathaniel Luhaga. Toka, tuzungumze."

Alitoka mtu mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, viatu havina kamba kwa sababu kamba zilikuwa zimebaki kaunta. Jalada lake lilisema ana miaka thelathini na minane, ni mkazi wa Buhongwa, na zamani alikuwa karani wa mizani katika kinu cha pamba kilichofungwa mwaka juzi, biashara huria ilipoingia na vinu vya ushirika vikaanza kuota nyasi. Jalada lilisema pia kwamba ameiba karatasi za mtihani. Juu ya jalada, Inspekta Chenge, mkuu wa upelelezi kituoni hapo, alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Mahakamani Jumatatu. Na kwa mdomo alikuwa ameongeza, "Kesi hii ni lahisi sana, Sajini. Usiilefushe."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kando ya ziwa kilikuwa kimejengwa kiwanda kipya cha minofu ya sangara, na Jumanne wanunuzi kutoka Uholanzi wangekuja kukikagua. Alitakiwa mkalimani. Kazi ya kumtafuta alipewa mmoja wa wabia, Mzee Akbarali, mwenye duka la vitabu na karatasi pale Mkuyuni. Sasa, Mzee Akbarali alipenda kamusi ya Kiingereza kama wenzake wanavyopenda mpira. Hakuona haja ya kumuuliza mtu bei ya samaki kwa Kiingereza. Alichagua maneno hamsini magumu kuliko yote aliyowahi kukutana nayo, akawaita waombaji ishirini na watatu siku ya Alhamisi, akawaambia waandike maana kwa Kiswahili, kisha mmoja mmoja asimame ayatamke.

Nathaniel alipata maana arobaini na saba. Aliyemfuata, Revocatus Ndalahwa, mwalimu wa tuisheni kutoka Mabatini, alipata thelathini na tisa tu. Lakini ilipofika zamu ya kutamka, Revocatus alisoma kama mtangazaji wa redio, sauti ikipita puani kwa adabu. Nathaniel aliposimama, watu walishika mbavu. Mmoja alidondoka kutoka kwenye benchi.

Hapo ndipo Revocatus alipoinuka na kusema: mtu asiyejua neno linavyotamkwa atajuaje maana yake, kama hakuiba majibu? Mzee Akbarali akakumbuka kwamba alimpa mpiga chapa wake karatasi nne nzuri za kupigia majibu ya mtihani na zikarudi mbili. Kesho yake Revocatus akaja kituoni akaapa kwamba Jumatano jioni alimwona Nathaniel akitoka uani kwa duka, karatasi amezichomeka ndani ya shati. Ijumaa saa kumi Nathaniel akavuliwa kamba za viatu.

Sajini Odeta alimkalisha mtuhumiwa, akamsogezea orodha ya maneno. Kiingereza hakikuwa rafiki yake. Alikisoma kwa rula, mstari kwa mstari, ili neno lisimponyoke. Aliweka rula chini ya neno la kwanza, colonel.

"Soma hili."

"Kolonel," akasema Nathaniel bila wasiwasi.

"Maana?"

"Kanali. Ofisa wa jeshi."

"Jana Mzee Akbarali alinitamkia. Wenyewe wanasema 'kanol'."

Nathaniel alitazama neno, akamtazama sajini, akarudi kwenye neno. "Kanol? Yaani... kumbe ni kanali yetu hii hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Miaka yote hii nilidhani ni watu wawili tofauti wenye cheo kimoja."

Sajini aliuma mdomo asicheke, akasogeza rula mpaka kwenye quay. "Na hili?"

"Kwayi. Gati, mahali meli inapofunga kamba."

"Wenyewe wanasema 'kii'."

"Kii!" Nathaniel alishtuka kama mtu aliyepewa habari ya msiba. "Sasa hizo herufi nyingine zinafanya nini pale, afande?"

"Sijui. Labda zinasindikiza. Nathaniel, maneno haya umeyajulia wapi?"

"Kwenye kamusi. Nilikaa mizani miaka kumi na moja. Pamba inaletwa miezi minne, miezi minane unakaa na mizani isiyo na cha kupima. Meneja aliyehama aliacha kamusi. Nikaanza A."

"Nani alikufundisha kutamka?"

"Kamusi haina mdomo, afande."

Sajini Odeta aliandika maelezo hayo neno kwa neno. Kutoka chumba cha pili ilisikika sauti ya Inspekta Chenge akimgombeza konstebo, "Nimesema lete lipoti, lipoti iko wapi?" Konstebo akakimbia na ripoti. Sajini alisimamisha kalamu. Kituo kizima kilijua anachotaka Inspekta akisema lipoti. Hakuna aliyewahi kumshtaki kwamba hajui maana yake.

Lakini hilo si jambo la kuandika kwenye jalada. Akachukua karatasi ya majibu ya Nathaniel iliyosahihishwa, akatafuta alama za kosa. Zilikuwa tatu. Alizinakili herufi kwa herufi kwenye daftari lake: procrastinate, palindrome, phlegm. Akazitazama. Akazitazama tena, akaweka rula juu yake. Kisha akaipitia orodha nzima ya maneno hamsini toka juu hadi chini, kidole kikiwa kwenye herufi ya kwanza ya kila neno. Yanayoanza na P yalikuwa matatu tu, na yote matatu ndiyo aliyokosa.

"P imekukosea nini?" akauliza.

Kwa mara ya kwanza Nathaniel aliinamisha macho. "P sikuisoma, afande."

"Kwa nini?"

"Ni mambo ya nyumbani."

"Upo mahabusu, unaniletea mambo ya nyumbani?"

Nathaniel akanyamaza, na akanyamaza kweli, kama mtu aliyefunga mdomo kwa komeo. Sajini alijua mtu wa namna hii. Ukimbana unapoteza asubuhi.

Komeo lilifunguliwa na mtu mwingine. Kaunta kulikuwa na mwanamke amebeba chupa ya uji mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika kitu kizito kilichofungwa kwenye kanga.

"Shikamoo, afande. Naitwa Tereza. Ni mke wa Nathaniel."

"Marahaba. Umebeba nini hapo?"

"Kamusi yake. Nimesikia mahakamani mtu anaapia kitabu. Hiki ndicho anachokiamini zaidi."

Sajini Odeta aliifungua kanga juu ya kaunta. Kamusi haikuwa na jalada, imeshonwa mgongoni kwa uzi wa magunia, kingo za kurasa zimekuwa nyeusi kwa vidole. Aliifunua polepole. M ilikuwepo. N ilikuwepo. O ilikuwepo yote. Baada ya O ikaja Q. Katikati palibaki visiki vya karatasi, vimechanwa kwa ustadi, kimoja kimoja, toka ukurasa wa kwanza wa P hadi wa mwisho.

"Mama Tereza, P iko wapi?"

Tereza alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Baba yangu ameivuta."

"Ameivuta vipi?"

"Anakaa kwetu tangu mwaka juzi. Anavuta tumbaku, anaisokota kwa karatasi za kamusi kwa kuwa ni laini, anasema gazeti linamkwaruza koo. Tulipogundua alikuwa ameshamaliza P. Nathaniel hakusema neno. Alihamishia kamusi juu ya kabati, basi."

Sajini aligeuka. Nathaniel alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha mahojiano, aibu imemjaa.

"Ni baba mkwe, afande," akasema. "Ningemtajaje polisi?"

Sajini Odeta alimwomba konstebo mwenye cheti cha kidato cha nne amsomee maana ya yale maneno matatu kwenye karatasi ya majibu ya Mzee Akbarali. La kwanza ni kuahirisha mambo kila siku. La pili ni neno linalosomeka vilevile mbele na nyuma. La tatu, phlegm, ni makohozi.

"Basi huo ndio ukurasa aliouvuta zaidi," akasema Tereza. "Anakohoa mpaka majirani wanahesabu."

Inspekta Chenge aliitwa. Alisikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma. Aliinua kamusi, akachungulia visiki, akavihesabu. "Mwizi wa majibu angejua na P," akasema mwishowe.

"Ndiyo, afande."

"Lakini kalatasi mbili bado hazipo. Kama si yeye, ni nani?"

"Naomba mpaka jioni, afande."

"Mpaka saa kumi."

*

Duka la Mzee Akbarali lilinuka wino na ubani. Mzee mwenyewe, kofia nyeupe na miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alimpokea sajini kama mgeni wa harusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Amekiri?"

"Bado. Naomba kuona karatasi zote za majibu za Alhamisi. Na nizungumze na aliyepiga chapa."

Mpiga chapa alikuwa Lilavati, msichana wa miaka ishirini na kitu, nywele zimesukwa mkia mmoja mrefu mpaka kiunoni. Aliposikia neno polisi alianza kupanga upya penseli ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Sajini aliliona hilo, akaliweka kiporo. Msichana mwenye ufunguo wa duka, mwenye majibu, mwenye hofu: angeweza kuwa amemuuzia mtu. Lakini kwanza karatasi.

Alikaa kwenye kiti cha wateja, rula mkononi, akapekua majibu ya watu ishirini na watatu. Wengi walikosea huku na kule, kama mvua ya manyunyu. Mmoja aliandika kwamba kolonel ni mdudu wa mahindi. Alipofika kwa Revocatus, rula ilisimama. Toka neno la kwanza mpaka la thelathini na tisa hakuwa amekosea hata moja. Kuanzia la arobaini mpaka la hamsini hakuwa amepata hata moja.

"Mzee," akaita, "kuna mtu anaweza kujua maneno magumu thelathini na tisa mfululizo, halafu akili ikamzimika ghafla kama umeme?"

Mzee Akbarali alivaa miwani, akasoma. "Nilisahihisha harakaharaka, sikuona. Ajabu hii. Neno la arobaini ni defenestration, kumtupa mtu dirishani. Yeye ameandika 'mtu anayetembea akiwa usingizini'. Hiyo si maana ya arobaini. Hiyo ni ya arobaini na moja, somnambulist!"

"Na kwenye arobaini na moja ameandika nini?"

"Ameandika 'jela'. Lakini jela ni gaol, arobaini na mbili! Na kwenye gaol ameandika 'vyakula vya safarini', ambayo ni victuals, arobaini na tatu. Na kwenye victuals ameandika 'gati'..." Mzee alivua miwani. "Kila neno limevaa shati la jirani yake."

"Na la hamsini?"

"Ameacha wazi."

Penseli moja ilianguka sakafuni. Sajini Odeta hakugeuka. "Dada Lilavati," akasema kwa upole, "nieleze kuhusu zile karatasi mbili."

Lilavati alitazama bosi wake, akatazama mlango, kisha machozi yakatangulia maneno. "Niliruka mstari. Maana ya neno la arobaini niliiruka nikapiga ya arobaini na moja, nikaendelea hivyohivyo. Nilipofika hamsini maana zikawa zimeisha, neno limebaki peke yake. Nikapiga upya kwenye karatasi nyingine. Zile mbaya nikazitupa. Mzee alipouliza niliogopa. Zile karatasi nzuri anazipenda kuliko wajukuu."

"Si kweli," akasema Mzee Akbarali, lakini bila nguvu.

"Ulizitupa wapi?"

"Kwenye kapu la takataka. Na kapu kila jioni anachukua Mama Precious, kwa ajili ya kufungia vitumbua."

Mama Precious alikuwa hatua ishirini tu kutoka hapo, kwenye kivuli cha ukuta wa duka, karai la vitumbua likichemka mbele yake. Sajini aliagiza viwili. Alipewa vikiwa vimefungwa kwenye ankara ya penseli dazeni sita.

"Mama, Jumatano jioni ulimuuzia nani vitumbua vikiwa kwenye karatasi yenye Kiingereza kingi?"

"Nauza na vitumbua na Kiingereza, mwanangu, vyote vinakwenda," akasema Mama Precious. Kisha akaacha kugeuza. "Ila Jumatano kulikuwa na kituko. Yule kijana wa pasi."

"Wa pasi?"

"Suruali ina mstari ukigusa unakatika kidole. Alinunua viwili, akaondoka. Hajafika hata barabarani, karudi mbio, mdomo bado umejaa. Anataka vingine, lakini vifungwe kwenye karatasi inayofanana na ile ya kwanza. Nikamwambia hiyo ipo chini ya vilivyobaki vyote, nimeitandika kwenye sinia. Akanunua vyote. Kumi na vinne. Nikasema moyoni, kijana huyu ama anaoa ama anaumwa minyoo."

*

Mabatini, juu ya mlango wa chumba cha kupanga, kulikuwa na kibao: Tuisheni ya Kiingereza cha Kisasa na Biashara Huria. Revocatus Ndalahwa alifungua akiwa na pasi ya mkaa mkononi.

"Karibu, afande. Yule mwizi amekiri?"

"Ananisumbua kidogo," akasema Sajini Odeta, akajikalisha kwenye stuli. "Kiingereza changu ni cha kuazima. Nimekuja kwa mwalimu anisaidie. Hili neno hapa?"

"Somnambulist," akatamka Revocatus, na neno likatoka puani limenyooshwa kama suruali yake.

"Maana yake?"

"Jela."

"Na hili?"

"Gaol. Vyakula vya safarini."

"Una uhakika, mwalimu? Nisije nikaaibika mbele ya hakimu."

"Asilimia mia. Nimesomea Nairobi."

"Kwa hiyo mtu akipelekwa gaol, anapelekwa kula."

"Kabisa."

"Basi zima pasi, vaa viatu, twende ukale."

Revocatus alicheka kidogo, akaacha, akamtazama usoni, na pasi aliyokuwa ameiweka mezani ikaanza kuunguza shati bila mtu kuijali. Sajini aliiondoa yeye. Chini ya godoro, kwenye msako uliofanyika mbele ya mwenye nyumba, zilipatikana karatasi mbili za majibu ya mtihani, zimelowa mafuta mpaka zinaangaza kama kioo cha dirisha, zinanukia iliki. Sajini aliandika: Vielelezo A na B.

"Sikuiba, afande!" Revocatus alilia. "Nilinunua! Vitumbua kumi na sita! Nilikula mpaka nikaugua!"

"Kununua kitumbua si kosa. Kosa ni kuja kituoni kuapa kwamba ulimwona Nathaniel na karatasi ndani ya shati, wakati unajua zipo chini ya godoro lako. Mwenzako amelala sakafuni kwa ajili ya neno lako."

Revocatus alikaa kitandani. Sauti yake ilipotoka tena haikupitia puani. "Nina wanafunzi wanne tu, afande. Nairobi nilikuwa mhudumu wa hoteli. Kutamka nilikuokota kwa wageni, nikiwasikiliza huku nabeba sahani. Maana hakuna aliyenipa."

*

Saa tisa na nusu, kamba za viatu zilihama. Nathaniel alirudishiwa zake kaunta, Revocatus akavua zake. Mzee Akbarali alikuja mwenyewe na pikapu, akamwomba Nathaniel radhi mbele ya watu wote, akampa mkono, akamwambia kazi ni yake. Kisha akakohoa.

"Ila wageni wanakuja Jumanne, bwana Nathaniel. Maana unazo. Lakini ukiwasomea vile ulivyosoma Alhamisi, watapanda ndege warudi."

Nathaniel alisimama na viatu mkononi. Alimtazama mke wake, akatazama kamusi, halafu akatazama upande wa mahabusu, alipokuwa Revocatus, amekaa kati ya wezi wa baiskeli, suruali imeanza kupata makunyanzi.

"Afande," akamwambia Sajini Odeta, "huyu mlalamikaji wake ni mimi?"

"Ni wewe. Ukitaka kusamehe, utaandika barua, na Inspekta ataamua."

Nathaniel alivuta benchi mpaka kwenye nondo, akakaa, akafungua kamusi kwenye A. Revocatus aligeuka.

"Unataka nini kwangu?"

"Wewe una sauti, mimi nina maana. Tuna siku mbili na nusu."

Mzee Akbarali akarudi dukani, nao wakaanza. Mwanzoni kwa sauti ya chini, kama watu wanaopeana siri. Halafu Revocatus akasahau alipo. Akasimama, akashika nondo, akaanza kupiga miguu chini kila Nathaniel alipoteleza. Walipofika kwenye neno fathom, Nathaniel alieleza kwamba ni kipimo cha kina cha maji, kama pima, wavuvi wangelihitaji. Revocatus akasema vizuri, lakini si 'fatomu', na si 'fasomu'.

"Ulimi unatoka nje. Weka ncha katikati ya meno. Pumua. Hivi."

Nathaniel alitoa ulimi. Wezi wa baiskeli wakatoa. Tereza, aliyekuwa anamimina uji, akajaribu. Konstebo wa kaunta, ambaye alikuwa na cheti, akasema ndivyo walivyofundishwa, akatoa wake kuthibitisha. Sajini Odeta alitazama kushoto, akatazama kulia, akaweka rula chini.

Hapo ndipo Inspekta Chenge alipofungua mlango wa ofisi yake kuuliza jalada la saa kumi limefikia wapi. Alikuta watu saba, wakiwemo watumishi wawili wa jeshi lake la polisi, wamemgeukia, na kila mmoja amemtolea ulimi.

Alirudi ndani akaufunga mlango polepole, kama mtu aliyekosea nyumba.